Kigingi cha Jikoni

Kwenye treni ya asubuhi, afisa wa wizara ya madini alimweleza mama aliyeketi kando yake mpango wa serikali: kutenga maeneo yote yenye madini ya betri, nchi isije ikapungukiwa. Mimi, niliyeketi mbele yao, nilikuwa nimeanza kusinzia.

"Mwanangu, mliyaona kwa macho?"

"Kwa setilaiti, mama. Haikosei."

Mama akatoa kikapuni kigingi chekundu, kimejaa masizi, akamwekea mapajani. "Wapimaji wenu walikipigilia jikoni kwangu, katikati ya mafiga. Nilikuwa nawarudishia."

"Kung'oa kigingi cha serikali ni kosa!"

"Basi andika nimeking'oa mimi. Mkileta kingine, njooni mnikute napika."

Treni ikasimama kituo cha wizara. Afisa akashuka na kigingi mkononi. Mama, aliyekuwa akienda huko huko kukirudisha, akabaki kitini.