Niliombea Matundu Madogo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnivumilie, maana mimi nikianza kueleza jambo huwa nalizunguka sana.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikimsaidia baba kupakia mahindi huko Naitiri. Nikiwa juu ya magunia, trekta ikaondoka ghafla. Nikaanguka kwa makalio, na mgongo ukalia ndani yangu kama kuni kavu!

Hospitalini Kitale walinipiga picha. Wakasema pingili moja ya uti wa mgongo imevunjika, na lazima nipasuliwe. Nikakataa. Nilikuwa nimesoma kwamba siku hizi kuna madaktari wanaopitisha skrubu kwenye matundu madogo: damu kidogo, kidonda kidogo, unarudi nyumbani haraka. Nikasikia mmoja wao anakuja Bungoma. Ndugu zangu, nikawaomba mfunge. Nanyi mkafunga, mkaombea matundu madogo.

Huko hospitalini Bungoma, kwenye kitanda cha pili alikuwa mzee wa Sirisia aliyeanguka kutoka paa la ghala lake. Alifanyiwa upasuaji kwa matundu, na baada ya muda mfupi alikuwa akitembea wodini akinicheka: "Wewe wa digrii, mimi naenda kupalilia. Baki ukisoma!"

Zamu yangu ikafika. Daktari akaangalia picha mpya. Kisha akasema, "Mgongo wako si kama wa mzee. Kuna kipande cha mfupa kinabana neva. Kwa matundu nitakaza skrubu, lakini hicho lazima nifungue, nikione, nikitoe." Na kweli, mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeanza kulegea.

Moyo haukutulia! Je, Mungu amekataa? Nikikubali kupasuliwa, si nimekosa imani? Na nikingoja, mguu ukifa? Ndugu mmoja wa ushirika wetu alikuja kuniona, akanishika mkono. "Usisaini fomu ya kupasuliwa, bana! Tumeombea matundu. Shikilia hapo hapo."

Mama, aliyekuwa akinimenyea ndizi, akamgeukia. "Ati? Kwani mlimwomba Mungu, ama mlimtuma?" Kisha akaniambia, "Baba, chukua kalamu."

Nikasaini.

Walinipasua. Kidonda kilikuwa kirefu, wakaniongezea damu, na maumivu yalinifanya niume blanketi. Mzee wa Sirisia alienda nyumbani akaniacha, nami nikamwonea wivu mchana kutwa. Lakini asubuhi moja daktari akashika kidole gumba cha mguu wa kushoto. "Sukuma." Kikasukuma! Haleluya! Mama akapiga kigelegele mpaka nesi akaja mbio.

Leo nimetembea kutoka stendi mpaka hapa mbele yenu. Sitawadanganya kwamba hofu imeisha. Hata sasa nawaza kama skrubu zimekaa sawa. Lakini namshukuru Mungu kwa mguu huu, kwa daktari yule, na kwa ninyi mliokaa na njaa kwa ajili yangu. Na wewe uliyeficha picha ya hospitali chini ya godoro ukingoja njia nyepesi, nitafute baada ya ibada. Tutaenda pamoja. Mtumaini Mungu, hata akikupitisha kwenye kisu kirefu.