Sungura Haletwi Peke Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina mzaha mwingi. Tunamkumbuka Daktari Norah Otiende wa Kaloleni, daktari wa mifugo, tuliyemzika Jumamosi. Daktari Norah Otiende. Jina mnalijua, kwa sababu alikuwa akituma salamu katika kipindi hiki. Na salamu zake hazikwenda kwa shangazi wala kwa wazee wa kanisa. Zilikwenda kwa sungura. "Namsalimia Malkia wa Majengo, aendelee kula majani." Nilizisoma zote, na nyinyi mkapiga simu kuuliza kama huyo mama ni mzima.

Alikuwa mzima kuliko sisi. Baba yake alifanya kazi reli, na Norah aliishi katika nyumba ya wazazi wake maisha yake yote. Chumba cha nyuma ndicho kilikuwa zahanati. Alitibu mbwa, paka na kuku, lakini sungura ndio waliomteka moyo. Watu walimtania: Daktari, unampa mchuzi dawa? Alikuwa akijibu kwamba mchuzi hauumwi, sungura anaumwa.

Wahome, fundi viatu wa Majengo, anakumbuka siku alipompeleka Malkia, sungura wake jike, apasuliwe uvimbe tumboni. Alikuwa amemnyima chakula tangu jana yake. Yeye mwenyewe alipopasuliwa ngiri aliambiwa asile, basi akajiona amefanya la maana. Daktari Norah akakataa katakata kumpa Malkia dawa ya usingizi. Akamweleza Wahome kwamba sungura hatapiki akiwa usingizini kama mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumnyima chakula. Tumbo lake likikaa tupu, utumbo husimama, na sungura hufa. Akamlisha kwanza. Kisha akauliza mwenzake yuko wapi.

"Nikamwambia mwenzake si mgonjwa, yuko kwa kibanda," Wahome anasema. "Akanirudisha nimlete. Akaniambia, 'Sungura haletwi peke yake. Akiamka, aone mwenye anamjua.' Nikambeba dume kwa katoni ya sabuni, watu njiani wananiuliza nauza ngapi."

Malkia aliamka ubavuni mwa mwenzake. Alikuwa amewekewa chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, na sindano ya kutuliza maumivu alishadungwa kabla hajafumbua macho. Daktari hakufunga mlango mpaka alipomwona akitafuna.

Na kuna neno jingine Wahome alibaki nalo. "Aliniambia, 'Sungura akiumwa hatakwambia. Anajikunyata kwa kona, anasaga meno, anaacha kula. Ukingoja alie, umechelewa.'"

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hayo. Anaacha kula.

Norah hakuolewa. Wazazi walitangulia, na kaka yake Seth anaishi Kitale. Jioni alikula peke yake, redio ikiwa mezani. Jirani yake, Mama Jecinta, alizoea kumpelekea chakula kila Jumapili. Mwaka huu sahani zikaanza kurudi zimejaa. Ilikuwa Kwaresma.

"Nikajua Daktari amefunga," Mama Jecinta anasema. "Hata nilimsifu mbele ya akina mama wa jumuiya."

Pasaka ikafika. Sahani ikarudi imejaa vilevile. Mama Jecinta alipomuuliza, Norah akasema ni tumbo tu, litatulia. Siku chache baadaye akafunga mlango wake na kuaga kwamba anafika mjini mara moja. Hakwenda madukani. Alikwenda hospitali, akalazwa, akaingizwa kupasuliwa. Uvimbe ulikuwa umeshaenea. Hakuamka.

Alikwenda peke yake, wasikilizaji. Yeye aliyekataa sungura aletwe peke yake.

Seth alifika wakati yote yamekwisha. "Muuguzi aliniambia kabla ya dawa ya usingizi dada yangu aliuliza kitu kimoja tu," anasema. "Aliuliza, 'Kuna mtu amekuja?' Na hakuwa ameambia mtu."

Namlilia Norah, na namkasirikia pia. Dalili zote alizijua, akawa anazificha kama wagonjwa wake. Nasi tulimzoea kuwa ndiye anayeuliza hali, hakuna aliyefikiria kumuuliza yeye.

Pole sana, Seth na jamaa wote wa Otiende. Pole, Mama Jecinta, wewe uliyemfikia kuliko sisi sote kwa sahani yako. Mungu awashike mkono. Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu hapo kwenu ambaye siku hizi hali chakula, au ananyamaza, nawe umemtafutia sababu nzuri kichwani mwako. Usimpigie simu. Nenda ukakae naye.

Tuna salamu moja leo. Imetoka kwa Wahome wa Majengo, na nimetafuta sana, sikuona nyingine iliyowahi kumwendea mtu huyu. Inamwendea Daktari Norah Otiende, Kaloleni. Wahome anasema Malkia anakula vizuri.