Sekunde Arobaini za Mama Subiri

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mama Subiri, fundi wa maabara, aliyezikwa Jumanne. Niwaambie mapema, leo nina kinyongo. Na sehemu ya kinyongo hicho ni juu yangu mwenyewe.

Mama Subiri alitengeneza vihisi vya kupima sukari kwenye damu. Kihisi ni kidude chembamba kama njiti ya kiberiti. Unadondosha tone la damu, sukari inazua umeme kidogo sana, waya unausoma. Nyaya za kwanza alizikata kutoka kwenye bangili ya fedha ya marehemu mama yake. Mdogo wake wa kike anakumbuka: "Nilimnunia mwezi mzima. Akaniambia, mdogo wangu, mama sasa yuko kazini."

Tatizo lilikuwa dawa za maumivu, hizi tunazomeza kichwa kikiuma. Nazo huzua umeme. Kifaa kinadanganyika, kinaonyesha sukari nyingi kuliko iliyopo. Mgonjwa anajidunga sindano ya kuishusha, anaanguka. Mama Subiri alihangaika miaka sita mpaka akapata utando wa kukipaka kihisi. Sukari inapita, dawa inabaki nje. Ila jibu lilichukua sekunde arobaini. Kila aliyepimwa aliambiwa, "Subiri." Jina likamganda.

Sasa yuko mtu, tumwite Daktari. Aliingia maabara ile akiwa mwanafunzi, hajui hata kushika chupa. Mama Subiri alimfundisha kusugua ncha ya waya kwenye kitambaa chenye unga mweupe mpaka ing'ae. Chakula cha mchana waligawana. Alimwita mwanangu.

Daktari akapanda cheo. Akauondoa ule utando ili jibu litoke kwa sekunde tano, kisha akakionyesha kifaa mbele ya wakubwa kwa jina lake peke yake. Mdogo mtu alikuwa ukumbini. "Niliiona bangili ya mama kwenye skrini kubwa," ananiambia. "Dada yangu hakutajwa hata kwa bahati mbaya."

Na huyo Daktari, wasikilizaji wapendwa, alikuja hapa studioni. Alikaa kwenye kiti hiki kilicho mbele yangu. Nilimsifia mpaka nikaishiwa maneno. Simu ikaingia. Sauti ya mama mmoja, taratibu: "Mwanangu, utando uko wapi? Jamani, ukimeza dawa ya maumivu, usi..."

Daktari akaninong'oneza, "Huyo ni mfanyakazi wetu. Wivu tu." Nikaikata simu. Mimi, kwa kidole hiki.

Wiki tatu baadaye dereva mmoja mstaafu alimeza dawa za mgongo, akakiamini kile kifaa, akajidunga. Alizinduka hospitalini siku ya pili. Vifaa vilivyokwisha kuuzwa vikakusanywa kimyakimya. Hakuna aliyemwomba radhi Mama Subiri. Sikumwomba hata mimi, na moyo wake ukasimama wiki iliyopita, akiwa kazini.

Daktari alituma shada kubwa kuliko yote. Mdogo mtu aliichomoa kadi, akaiweka mfukoni bila kuisoma.

Dada, mdogo wake Mama Subiri, wewe na familia yote, poleni sana. Daktari, kama unasikiliza, kwako sina pole.

Nasi wengine tujiulize, tulimkata nani kauli akiwa na la kutuokoa? Mimi wangu ninamjua. Alinipigia kuomba muda mfupi, nikamnyima. Kwa hiyo sasa ninazima maikrofoni, sekunde arobaini kamili. Msibadilishe stesheni.

Subirini.