Viatu vya Dereva na Panya wa Sukari

Benchi letu liko mbele ya meza ya Fundi Viatu, na kahawa ni yangu mimi, kwa hiyo asiyetaka maneno yangu akanywe maji. Leo nafasi ya Dereva iko wazi. Kisukari kilianza na kidole, kikapanda, na asubuhi hii anakatwa mguu. Viatu vyake alivyoleta kuwekwa soli kabla hajalazwa viko mezani, vinang'aa. Hakuna aliyetaka kuvitazama, ndiyo maana tukaishia kubishana juu ya panya. Mchokozi ni Mzee Panya, anayelisha panya kwenye maabara ya utafiti.

— Wale wa kizimba cha mwisho wamepona. Sukari imeshuka.

— Panya nao wana sukari? akauliza Profesa. Shule aliachia darasa la sita, elimu nyingine yote kaipatia hapa benchini.

— Wanafanywa wawe nayo. Wanabadilishwa vinasaba kabla ya kuzaliwa, ili dawa zijaribiwe kwao. Wanakunywa maji hawatosheki, wanakojoa mpaka matandiko yanalowa. Kama Dereva alivyoanza.

— Acha hayo, nikamwambia.

— Siachi! akadakia Profesa. Hao mmewaachia, wametembea kwenye unga wetu. Ndiyo maana mtaa mzima una sukari!

— Sukari haiambukizwi, wewe.

— Unajua nini? Kazi yako kuzoa mavi ya panya!

Fundi akaweka nyundo chini.

— Mimi nasema hivi, kama panya kapona, hicho kinasaba chake apewe Dereva. Hata mguu utaota. Mbona mkia wa mjusi unaota?

— Dereva ni mjusi? akauliza Mzee Panya.

— Hao watafiti hawapati dawa ng'o, Profesa akahitimisha. Wahenga walishasema, panya wengi hawachimbi shimo. Wangefuga mmoja tu!

Jamani, tulicheka. Kisha kila mtu akaona aibu kwa wakati wake.

— Mzee, Fundi akasema kwa sauti ya chini. Hiyo dawa, hukuweza kutia kidogo mfukoni?

— Nimeliwaza hilo mpaka usingizi ukanikimbia. Lakini panya si mtu, Fundi. Wenyewe wanasema bado miaka mingi.

Akajifuta macho kwa mkono wa shati, wala hakujificha.

Hapo akatokea mke wa Dereva, anatoka hospitali, macho yamevimba.

— Wamemaliza, shemeji zangu. Ni mguu wa kulia.

— Pole, shemeji. Pole sana.

— Amezinduka. Hajafunua shuka, na mimi sijamwambia. Anaulizia viatu vyake tu, anasema akitoka anataka atoke navyo.

Fundi akachukua gazeti, akaanza kuvifunga.

— Fundi, mama wa watu akauliza, nimpelekee vyote viwili?

Fundi akamtazama Mzee Panya, Mzee Panya akamtazama Profesa. Nikainamisha birika nimpe shemeji kahawa walau anywe, halikutoa hata tone.