Mama Kiti Kidogo, Mwalimu wa Waliokabidhiwa Watoto

Ndugu zetu, majirani zetu, na ninyi nyote mliofunga vituo vyenu vya kulelea watoto leo mkaja kusimama nasi juani, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba uvumilivu, kwa sababu anayesoma historia hii ni mdogo wake marehemu, yule ambaye marehemu alimwachia ziwa, na mdogo mtu huyo ana jambo la kukiri kabla ya kumaliza, linalomhusu kitinda mimba wa marehemu, mtoto wa miaka saba, ambaye tangu Jumanne mchana hadi jana asubuhi aliambiwa kwamba mama yake amesafiri. Lakini historia ina mpangilio wake, na marehemu alikuwa mtu wa mpangilio, basi tuanze pale anapoanzia kila binadamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1978, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi seremala na mshona sare za shule, na kwa kuwa mama yetu alikaa kwenye cherehani tangu alfajiri, kazi ya ulezi ilimwangukia yeye kabla hajang'oka meno ya utoto. Huyu anayewasomea alibebwa mgongoni na marehemu hadi miguu ikawa inaburura chini, na alipoambiwa amshushe, kwani mtoto sasa ni mkubwa, alijibu kwamba mwenyewe hajasema kama amechoka kubebwa.

Alipata elimu ya msingi kuanzia mwaka 1985 hadi 1991, katika shule ya nyuma ya kituo cha polisi, kisha sekondari kuanzia 1992 hadi 1995, akafaulu kwa wastani, isipokuwa hesabu, ambayo hata huo wastani haikuufikia, na tunalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kila mahali bila kuona haya. Mwaka 1998 alihitimu cheti cha malezi ya watoto wadogo, na Jumatatu tarehe 4 Januari 1999 akaajiriwa kuwa mlezi msaidizi katika chumba cha watoto wachanga, kwenye kituo cha kulelea watoto kilichokuwa ghorofa ya chini, chini ya duka la vifaa vya umeme.

Ni duka hilo lililotuletea shemeji, fundi umeme, ambaye aliitwa kubadilisha taa moja ya kituo akaja mara tatu, na mara ya tatu mpishi wa kituo akamwambia aache kuisingizia taa, aseme lililomleta, naye akalisema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Julai 2003, na wakajaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 2004, kijana aliyezaliwa tarehe 21 Aprili 2008, na kitinda mimba wetu, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 2017 wakati mama yake alipokuwa ameshagawa nguo zote za watoto.

Mwaka 2006 alipandishwa kuwa msimamizi wa kituo, na Jumatatu tarehe 5 Februari 2007 akafanya kosa ambalo alilisimulia hadi mwisho wa maisha yake, nasi hatuna ruhusa ya kulificha. Siku hiyo alibandika ukutani ratiba mpya ya zamu, ambayo ilimzungusha kila mlezi katika vyumba vyote kila wiki, ili mzigo wa chumba cha wachanga usiwaelemee watu walewale, na walezi wote tisa wakapiga makofi, mwenye kituo akaisifu, na vituo viwili vya jirani vikaja kuinakili. Haikufika miezi miwili, mtoto mmoja wa miezi tisa akawa halii tena, halii mama yake anapomwacha asubuhi, halii akilowa, halii akiwa na njaa, na walezi wakawa wanampokezana huku wakisema mtoto mzuri huyu, hasumbui, mpaka siku mpishi alipopita na sufuria ya uji, akamtazama mtoto, akasema, "Huyo hajatulia, mama, huyo amekata tamaa." Marehemu alipiga magoti mbele ya mtoto yule, mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mtu wa kupita njiani, kwa kuwa kila alipoanza kumzoea mlezi mmoja, ratiba ilimwondoa. Alasiri ileile aliibandua ratiba, akampa kila mtoto mlezi wake wa kudumu, akamweleza mama wa mtoto ukweli wote, kisha akasimama mbele ya walezi tisa akasema kosa ni lake na wala si la mwingine. Siku ya kumi na tisa mtoto alilia, alilia kweli, na inasemekana jikoni walishangilia kana kwamba kuna harusi.

Kutokana na kosa hilo alirudi masomoni, akapata stashahada ya uongozi mwaka 2011, na tangu tarehe 2 Mei 2012 akaanza kuwafundisha wasimamizi na wenye vituo, mafunzo ambayo yamepitiwa na wengi wenu mliosimama hapa. Jina la Mama Kiti Kidogo mlimpa ninyi wenyewe, kwa kuwa siku ya kwanza alimkalisha kila kiongozi kwenye kiti cha mtoto wa miaka mitatu ili aione dunia kutoka kule chini, na yupo mwenye kituo mmoja, mtu wa mwili wake, hatutamtaja ingawa anacheka pale nyuma, ambaye aliposimama kujitambulisha kiti nacho kilisimama pamoja naye. Aliwafundisha kwamba kusimamia watu tisa ni kuwalea hao tisa ili nao waweze kulea, kwa maana mkono mmoja haulei mwana, na juu ya yote aliwafundisha kuaga, kwamba mlezi anayehama asitoroke kwa mlango wa nyuma, mzazi asinyate kuondoka mtoto anapochezea toroli, mtoto aambiwe ukweli, na akilia aachwe alie, kwa sababu mtoto anayelia bado anakuamini.

Mwezi Machi mwaka huu alianza kulalamika maumivu ya ubavu wa kulia, na tarehe 18 Aprili madaktari wakatueleza kwamba ni saratani ya ini, nayo ilikuwa imeshasambaa. Alimwambia mumewe siku hiyohiyo, akawaambia wanawe wawili wakubwa, akawaambia wafanyakazi wenzake, akawakabidhi darasa walimu wawili aliowaandaa, na Ijumaa tarehe 23 Agosti akafundisha kwa mara ya mwisho. Kitinda mimba alijua kwamba mama anaumwa sana, lakini neno la mwisho, lile la kuaga, marehemu alisema ni lake, tusimsemee, akapanga kulisema Jumatano tarehe 16 Oktoba, mtoto akitoka shule na kuletwa wodini alikolazwa, na akamwomba muuguzi siku hiyo acheleweshe dawa ya maumivu ili awe macho. Alifariki Jumanne tarehe 15 Oktoba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mumewe.

Saa saba mchana mdogo wake alikwenda kumchukua mtoto shuleni, na pale getini mtoto akauliza kama kesho ni lazima aende hospitali na sare au atabadilisha kwanza, na huyu mdogo mtu, ambaye amehudhuria mafunzo ya dada yake mara mbili, ambaye cheti chake kimetundikwa sebuleni, alifungua kinywa akasema mama amesafiri, amekwenda kufundisha. Wakubwa wa familia waliafiki, wakasema mtoto aambiwe baada ya mazishi, akapelekwa kulala kwa jirani, na jioni wafanyakazi wenzake marehemu walipotusihi kwa upole kwamba marehemu asingetaka hivyo, mdogo mtu aliwajibu kwamba hayo ni ya darasani, haya ni ya nyumbani. Anawaomba radhi mbele ya watu wote, kwa sababu mlikuwa sahihi.

Alhamisi mtoto aliacha kuuliza, akamaliza chakula chake, akakunja nguo zake, akamshukuru kila aliyempa maji, na waombolezaji wakawa wanamsifu kwamba amejikaza, na mmoja wao, bila ubaya wowote, akasema mtoto mzuri huyu, hasumbui. Mdogo wake marehemu alikuwa akiosha vikombe, akaviacha majini, na usiku kucha hakupata usingizi. Jana, Ijumaa, saa moja asubuhi, alikaa kwenye ukingo wa kitanda kwa jirani, akamwambia mtoto kwamba mama amekufa, hatarudi, na kwamba alimdanganya. Mtoto akasema, "Nilijua, mama mdogo, lakini ulikuwa unalia, nikaogopa nikikuuliza utalia zaidi." Kisha akauliza mama alikuwa anataka kumwambia nini Jumatano, na hilo, ndugu zangu, hatulijui, tumemuuliza baba yake, tumemuuliza muuguzi, hakuna anayelijua, na ndilo linalotuumiza kuliko mengine yote. Mtoto akapiga ukelele, akalia mpaka majirani wakatoka nje, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi aliyolazwa, hasa muuguzi aliyekubali ombi la Jumatano, inawashukuru majirani waliotuachia vitanda vyao, wakalala chini, inawashukuru wafanyakazi wenzake, waliotuvumilia tulipokuwa wakali, na walimu wawili watakaoendesha mafunzo yajayo Jumatatu tarehe 4 Novemba, kama alivyopanga.

Sasa hivi kitinda mimba atashikwa mkono na baba yake, atakwenda pale mbele kumuaga mama yake, na atalia, na huenda akalia sana, kwa hiyo tunawaomba msimwambie ajikaze, msimwambie yeye ni mkubwa, msimpeleke kwenye gari, msianze wimbo ili kumfunika, simameni tu, msubiri, hata ikituchukua jioni nzima.

Dada, mwanao ameambiwa ukweli, tumechelewa, lakini ameambiwa, basi sasa pumzika, pumzika kwa amani.