Bi Fakhria Aliyeomba Injini Zizimwe

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu na majirani mliotoka Makorora, Muheza na kwingineko mkaja mpaka hapa Kigombe, asanteni. Mtasikia kutoka kwetu, ndugu zake wa Kigombe, maisha ya marehemu Bi Fakhria binti Humaid kama yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo jana wengine waliomba yarukwe. Hayakurukwa.

Bi Fakhria alizaliwa hapahapa Kigombe tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa mwisho wa Bwana Humaid, mwenye shamba la minazi, na Bi Hasina. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mdogo wa umbo, mkubwa wa mdomo. Chuoni aliikhitimu Kurani kabla ya kaka zake. Shule ya msingi alimaliza darasa la saba mwaka 1976, baba yake akaona inatosha. Yeye hakuona hivyo, na mpaka uzeeni akikuta mtoto wa kike anaosha vyombo saa za masomo, mwenye nyumba alikuwa anaipata yake.

Kazi yake ilikuwa kushona kofia za mkono. Alifundishwa na mama yake, akampita. Kofia zake zilivaliwa Tanga, Pemba na mpaka Maskati. Kuna tajiri mmoja wa Muheza alirudisha ya kwake akilalamika inambana. Bi Fakhria akaigeuzageuza, akamwangalia bwana mwenyewe, akamwambia, "Kofia iko vilevile, Bwana. Kichwa ndicho kimenenepa." Tajiri alicheka, akaagiza nyingine kubwa zaidi.

Aliolewa na Bwana Asaad, fundi redio, mwezi Novemba 1983, akahamia Makorora, Tanga mjini. Walisubiri mtoto miaka mingi, maneno ya watu yakiwa mengi kuliko miaka yenyewe, ndipo mwaka 1994 akazaliwa Maha. Bwana Asaad hakuongeza mke wala hakumnyanyasa. Alimtengenezea kiti cha kushonea, akakiweka kwenye dirisha la upande wa mwanga, na Bi Fakhria akakaa hapo maisha yake yote ya ndoa.

Dirisha hilo ndilo linalotazama kiwanja cha familia. Mwaka 2016 mdogo wake Bwana Asaad, Bwana Muhanad, alikigeuza kiwanja hicho kuwa uwanja wa malori. Mwenyewe anakaa Raskazone, upepo wa bahari unamwingilia mpaka chumbani. Malori yakalala Makorora. Kila asubuhi madereva wanawasha, wanapiga resi injini zipate moto, na bomba la moshi la lori la mwisho liko hatua chache kutoka dirishani kwa Bi Fakhria. Mchana yanayosubiri mzigo yananguruma palepale, hayazimwi.

Mwaka 2018 kisogo kikaanza kumuuma. Zahanati wakampima, presha iko juu. Basi familia nzima ikageuka polisi wa chumvi. Achari ikatolewa ndani. Mke wa Muhanad alikuwa akija anaonja mchuzi kwanza ndipo anasalimia. Bi Fakhria akawa anasema anakula mchuzi kama maji ya mvua, dawa anameza, na presha haijashuka hata kidogo. Wakamwambia anaiba chumvi. Mwanamke wa makamo, mwenye nyumba yake, anaambiwa anaiba chumvi.

Nesi mmoja tu, Asmahani, ndiye aliyemuuliza swali la maana: mchana kutwa unakaa wapi? Alipojibiwa, akamweleza kwamba moshi wa magari una vumbi dogo mno, jicho haliwezi kuliona. Ukilivuta kila siku linaisumbua mishipa ya damu, mishipa inakaza, presha inapanda. Chumvi apunguze, vidonge asiviache, lakini na ule moshi autoroke.

Agosti 2022 alikuja huku Kigombe kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, Bi Saleha, akakaa mpaka majamvi yakakunjwa. Vidonge vilevile. Chakula cha harusi mnakijua, na katikati yake alikula ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, mpaka Asmahani alipokuja kusikia akamgombeza. Pamoja na ng'onda wote hao, kila alipopimwa huku presha ilikuwa inateremka, na kisogo kikanyamaza. Akarudi Makorora, kwenye mchuzi wake wa maji ya mvua, ikapanda tena. Hapo Bi Fakhria hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Akachukua kofia mpya nyeupe, akaitundika dirishani asubuhi. Jioni akampelekea Muhanad mkononi, imekuwa rangi ya jivu. Muhanad akaikung'uta na kumwambia, "Kofia inafuliwa, Shemeji."

"Na mie nafuliwa wapi?"

Yakaja maneno kwamba malori yanalisha watu wengi, kwamba barabara nzima ina moshi, kwamba presha ni ugonjwa wa ukoo. Waliosema hivyo wengi wao wamo humu leo, na wanajijua. Majirani nao walifunga madirisha yao wakakaa kimya.

Tarehe 3 Februari 2025 Bwana Asaad alifariki. Bi Fakhria akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe, pua kwenye moshi. Presha ikapanda kuliko ilivyowahi. Shekhe wa msikiti aliulizwa, akasema wazi kwamba mjane anayepata madhara mahali alipo anaruhusiwa kuhamia pengine penye usalama akamalizie huko. Bi Saleha akaja na gari. Begi lilikuwa limeshafungwa.

Muhanad akasimama mlangoni. "Shemeji, ukitoka humu watu watasema kaburi la kaka halijakauka, wewe ushachoka kumlilia."

Bi Fakhria alikuwa anaujua mdomo wa mji. Miaka yote aliyosubiri mtoto ulimla nyama. Na alimpenda mumewe. Akakaa kitandani, akalifungua begi, nguo moja moja zikarudi kabatini huku Bi Saleha akimwangalia. Alipomaliza akasema, "Basi zima injini, Muhanad. Nimalize eda tu."

Muhanad akasema madereva wataambiwa. Kesho yake asubuhi malori yakawashwa kama jana. Mchana yeye mwenyewe akaleta pazia zito la dirishani, akasema ni kwa ajili ya heshima ya mjane, madereva wasimwone. Heshima ya kutoonekana alipewa. Ya kupumua, hapana.

Tarehe 19 Mei, akiwa anatia udhu, alianguka. Upande wa kulia ukawa hausikii, maneno yakakataa kutoka. Kiharusi. Alilazwa hospitali, na jioni ya Alhamisi tarehe 22 Mei 2025 alifariki, Maha akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Eda ilikuwa haijaisha.

Tumeambiwa tuandike kwamba alifariki kwa presha na ni kazi ya Mungu. Presha imeandikwa. Kifo ni cha Mungu, hakuna anayebisha. Malori ni ya Muhanad.

Tumesikia pia kwamba matanga yakianuliwa Maha atarudi Makorora kuishika nyumba, isikae tupu. Maha ana mimba, na kliniki wameshamwambia presha yake imeanza kupanda. Hilo linajibiwa hapahapa, mbele ya jeneza la mama yake, ili pasiwe na aliyeambiwa vibaya: Maha harudi. Atajifungulia kwa mama yake mkubwa, Kigombe. Anayeona nyumba haiwezi kukaa tupu ahamie yeye, na mkewe, na kitanda akiweke kwenye dirisha lile.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Maha. Mjukuu aliye njiani. Dada yake, Bi Saleha. Wapwa wengi aliowashonea kofia bila kuwauliza kama wanazitaka. Na shemeji mmoja, Bwana Muhanad, ambaye malori yake leo alfajiri yaliwashwa na kupigwa resi wakati wanawake wako ndani, kule Makorora, wanamwosha maiti.

Mola amsamehe Bi Fakhria makosa yake, ampanulie kaburi lake, amlaze palipo na hewa safi.