Don Eleuterio Anatuachia Kioo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Don Eleuterio Marambio anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Alipanda mlimani kwetu kutoka migodini akiwa fundi wa winchi, na ndiye aliyesimamia kukinyanyua kioo kikubwa cha darubini yetu ya nyota, kukiosha na kukipaka alumini upya ili king'ae.

Wageni wakimsifia kioo, yeye huwatajia uzito wake. Hajawahi kukiamini. Hukagua kila mkanda wa kukinyanyulia, akashuka, kisha akapanda tena kuukagua uleule, na mkate wake wa chai hukaukia mfukoni. Mkewe, Doña Nolfa, anasema hata nyumbani hulala na kiatu kimoja mguuni, tetemeko lisije likamkuta hajajiandaa. Tumemcheka sana kwa hilo.

Lakini wasiwasi wake umetufaa. Dkt. Ximena Araos anafuatilia nyota kibete nyeupe, yaani nyota iliyokwisha kuungua ikabaki kiini kidogo, chenye ukubwa wa dunia yetu, kinachopoa polepole. Hii ya kwake bado inakula: vipande vya sayari iliyovunjika hupita mbele yake na kupunguza mwanga kidogo mno. Kwa kioo chenye vumbi tusingeona kitu. Na msimu wa kuitazama unakaribia kwisha.

Kioo kikiwa hewani, sheria yetu ni kwamba inasikika sauti moja tu, ya msimamizi. Hata mkurugenzi hufunga mdomo. Jumanne iliyopita Don Eleuterio alinikabidhi kazi hiyo mimi, Yasna Cortés, akaenda kusimama nyuma ya mstari wa njano.

"Binti, usiniangalie. Leo mimi ni mgeni."

"Mgeni gani anatetemeka hivyo, Don Eleuterio?"

"Mgeni mwenye akili!"

Kioo, kikiwa kimeshaoshwa na kupakwa, kilikuwa kinaning'inia juu ya kitako chake ardhi ilipoanza kutikisika. Kikayumba. Nikikishusha haraka kingeweza kugonga chuma. Nikikiacha, tegemeo letu lote ni mikanda. Nikamtazama ingawa alinikataza. Alikuwa amefumba macho, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakimtoka. Hakutoa hata mguno.

Nikasema, "Simamisha." Tukangoja, kioo kikiyumba juu ya vichwa vyetu, hadi mlima ulipotulia. Nikasema tena, "Shusha. Taratibu." Jioni hiyo Dkt. Ximena alirudi kwenye nyota yake.

Don Eleuterio, asante kwa kila mara ulipokishusha kioo salama. Asante zaidi kwa kunyamaza siku ile, maana najua neno lilikuwa limekufika kooni. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha huko Vicuña pamoja na Doña Nolfa. Nenda ukapumzike. Kuanzia Jumatatu, tutaogopa wenyewe.